Siku ya kura na ujira wa kibarua: masuala mawili kutoka Bariadi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu, wiki chache baada ya uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 nilisafiri kwenda Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Safari ilikuwa ya kifamilia. Mtoto wa ndugu yangu anasomesha skuli ya sekondari huko, alikuwa anaoa, na wazee wa upande wetu wakanitaka niende kusimamia akdi. Baada ya sala ya Ijumaa watu wawili walinijia, kila mmoja na suala lake, na yote mawili yalihusu ujira wa siku ya kupiga kura. Niliyajibu pale msikitini kwa ufupi. Nimerudi Unguja nikaona yanataka jawabu refu zaidi, kwa sababu yanatuhusu na sisi, tena majumbani mwetu.

Wengi wetu visiwani hatuijui Simiyu. Ni mkoa mchanga, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni mbili. Wenyeji wengi ni Wasukuma, wakulima na wafugaji, na zao lao la fedha ni pamba. Waislamu kule ni wachache, wengi wao wafanyabiashara, watumishi wa serikali na madereva, na hutawakosa Wapemba wenye maduka, kama ilivyo karibu kila mji wa bara. Pamba ikishanunuliwa kwa wakulima hupelekwa viwandani kuchambuliwa mbegu na kufungwa marobota. Kazi ya kubeba, kushusha na kupakia hufanywa na vijana wa kutwa. Anaandikwa jina asubuhi, analipwa jioni, na kesho ni siku nyengine.

Suala la kwanza: kijana wa marobota

Kijana wa kwanza alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha pamba. Hakunitajia jina la kiwanda nami sikumuuliza. Alisema siku ya tarehe 29 ilitangazwa kuwa ya mapumziko, lakini kiwanda kilifungua kwa sababu malori yalikuwa yanasubiri mzigo. Alifika saa 12 asubuhi, akaandikwa jina, akabeba marobota mpaka saa 4. Hapo akamuomba ruhusa msimamizi aende kupiga kura, maana alijiandikisha kijijini kwao, upande wa Itilima. Msimamizi akamwambia, "Nenda, uwahi kurudi." Akakodi bodaboda. Wakati wa kurudi chaini ya pikipiki ikakatika njiani, akafika kiwandani saa 8 mchana. Akakuta jina lake limekatwa kwenye orodha. Jioni wenzake walilipwa shilingi elfu nane kila mmoja, yeye hakupewa hata senti, hata ya yale masaa manne aliyokwisha kuyafanya.

Akaniuliza, "Sheikh, nimedhulumiwa, au nimepoteza kwa hiari yangu mwenyewe?"

Suala la pili: mwenye duka

Mtu wa pili ni ndugu yetu kutoka Pemba, ana duka mjini Bariadi na kijana mmoja anayemuuzia, ambaye humlipa kwa mwezi. Tarehe 29 alifunga duka kwa kuwa ni mapumziko. Kisha zikaja zile habari nzito. Sote tunakumbuka jinsi siku ile ilivyoisha katika miji kadhaa ya nchi: watu walipoteza maisha, intaneti ikazimwa nchi nzima, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa na awape subira waliofiwa. Ndugu yetu yule akaingiwa na khofu, akaliacha duka limefungwa siku tatu zaidi. Mwisho wa mwezi akawaza: nimkate kijana siku nne, au siku tatu, au nisimkate kabisa? Akasema, "Mimi sikuuza kitu, Sheikh. Na yeye alikuwa amelala kwao."

Haya ndiyo masuala. Kabla ya kuingia katika hukumu tutazame kwanza sheria ya nchi inasemaje, kwa sababu mikataba yetu ya kazi imefungwa ndani ya sheria hizo.

Sheria ya bara

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 5, inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyefika miaka 18. Ibara ya 23 inasema mtu anayefanya kazi anastahiki malipo ya haki. Mtu akisoma ibara hizi mbili pamoja hufikiri kwamba suala limekwisha. Lakini haki ya kupiga kura ni kitu kimoja, na nafasi ya kutoka kazini kwenda kuipiga bila ya kupoteza riziki ya siku ni kitu chengine.

Bara wana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004. Sehemu ya likizo katika sheria hiyo inataja likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi kwa mama, siku za baba aliyepata mtoto, na siku za msiba au maradhi ya mtu wa karibu. Likizo ya kupiga kura haimo katika orodha hiyo. Njia iliyotumika katika miaka ya karibuni ni Rais kutangaza siku ya uchaguzi kuwa ya mapumziko. Ilifanywa hivyo kwa uchaguzi wa serikali za mitaa wa Jumatano tarehe 27 Novemba 2024, na kwa uchaguzi mkuu wa Jumatano tarehe 29 Oktoba 2025.

Zamani jambo hili halikuonekana sana. Uchaguzi mkuu wa 2010 na wa 2015 ulifanyika Jumapili, tarehe 31 Oktoba na tarehe 25 Oktoba, na ofisi nyingi zilikuwa zimefungwa hata bila ya tangazo. Tangu 2020 kura ya bara na ya Muungano imekuwa Jumatano, katikati ya wiki, na vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Masaa hayo ndiyo masaa ya kazi ya kibarua. Kwa hiyo tangazo la mapumziko limekuwa na uzito ambao halikuwa nao.

Tangazo hilo linamfanyia nini mfanyakazi? Kwa anayelipwa mshahara wa mwezi, jambo ni jepesi: anapumzika na mshahara wake haupungui. Kwa aliyefanya kazi siku ya sikukuu, kifungu cha 25 cha sheria ile kinamtaka mwajiri amlipe maradufu ya ujira wake wa kawaida kwa kila saa aliyoifanya. Ama yule wa kutwa asiyekwenda kazini siku hiyo, kifungu hicho hakimsemi, kwa sababu kinamzungumzia aliyefanya kazi. Kwa hiyo sikukuu anayotangaziwa kila mtu humpata karani na mwalimu kwa ukamilifu wake. Kibarua inampata kwa njia ya pili tu: akifanya kazi, alipwe mara mbili. Na mara nyingi hata hilo halijui.

Hapa waajiri wengi husema, "Huyu si mfanyakazi wangu, ni kibarua tu." Sheria haikubaliani nao moja kwa moja. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa ni mfanyakazi, mpaka ithibitike vyenginevyo, ikiwa ipo hata alama moja kati ya kadhaa zilizotajwa. Miongoni mwake ni kwamba anasimamiwa namna ya kuifanya kazi, au masaa yake yanapangwa na mwengine, au amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani usiopungua masaa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kijana wetu wa marobota alikuwa kiwandani karibu kila siku tangu msimu uanze. Masaa 45 kwa mwezi kwake ni kazi ya siku tano au sita. Kutokuwa na karatasi mkononi hakumtoi katika ulinzi wa sheria.

Mwenye malalamiko ana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita kwa kifupi CMA, pamoja na maafisa kazi wa mkoa. Madai ya ujira hupelekwa kwenye Tume ndani ya siku 60, na ya kuachishwa kazi isivyo halali ndani ya siku 30. Nilipokutana na kijana yule siku 60 zilikuwa bado hazijapita, nami nikamwambia hivyo.

Fiqhi inasemaje

Tuje kwenye dini yetu. Mlango wa ijara katika fiqhi ni mlango mpana, na maulamaa wetu wa madhehebu ya Shafi waliyazungumza masuala haya miaka mia kadhaa kabla ya kuwapo kiwanda cha pamba wala sanduku la kura.

Msingi wa kwanza ni kutimiza mikataba, nalo ni agizo linalofungua Suratul-Maida. Msingi wa pili ni kutopunja. Nabii Shuaib, amani iwe juu yake, aliwakataza watu wa Madyan kuwapunguzia watu vitu vyao, na Suratul-Mutaffifin inaanza kwa kuwatisha wanaochukua kipimo kamili kwa wengine kisha wakapunguza wanapotoa. Anayechukua kazi ya mtu masaa manne na kumlipa sifuri ni katika hao. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Huraira, Mwenyezi Mungu anataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, mmoja wao ni aliyemuajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Ndugu yangu mwajiri, jiulize nani anaweza kushinda kesi ambayo mgomvi wake ni Mola wake.

Msingi wa tatu ndio unaogusa suala letu kwa karibu. Imam Nawawi katika Rawdha anaeleza kwamba mtu akimuajiri mwenziwe kwa muda maalumu, wakati wa kujitwaharisha na wa sala za faradhi pamoja na sunna zake unakuwa umetolewa katika muda ule, na ujira haupungui kitu kwa sababu yake, na Ijumaa ni hivyo hivyo. Tazama jambo hili. Mwajiri amenunua siku nzima, lakini ndani ya siku hiyo mna muda ambao haukuwa wake tangu mwanzo. Mfanyakazi akiutumia kwa jambo lake haibi kitu, na mwajiri hana haki ya kuukata.

Je, kupiga kura ni sawa na sala? Hapana, na asije mtu akaninukuu vibaya. Sala ni nguzo ya dini. Kura ni jambo la kidunia ambalo maulamaa wa zama zetu wamelitazama kwa macho tofauti. Wako wanaoliona ni ushahidi, kwamba mpiga kura anashuhudia fulani anafaa. Wako wanaoliona ni uwakala, na wako wanaojiweka mbali nalo. Mimi silinganishi ibada na kura. Ninachokichukua kwa Imam Nawawi ni kwamba siku ya kazi inaweza kuwa na muda uliotolewa ndani yake, na ujira ukabaki kamili.

Nini kinautoa muda huo ikiwa si faradhi? Mambo mawili: sharti na ada. Waislamu hubanwa na masharti yao, kama ilivyokuja katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Na wanazuoni wamekaa juu ya kanuni kwamba jambo linalojulikana kwa ada ni kama jambo lililowekewa sharti. Nchi ikitangaza kwamba siku fulani ni ya mapumziko, na watu wote wakalijua hilo, basi kila anayelipa kwa mwezi ameingia mkataba akijua kwamba siku za aina hiyo zimo ndani ya mwezi wake. Hawezi kuja mwisho wa mwezi akasema, "Mimi sikukubali."

Jawabu

Kwa ndugu yetu mwenye duka, jawabu ni kwamba asikate hata siku moja. Tarehe 29 ni mapumziko yanayojulikana, imekwisha toka katika muda wa kazi. Zile siku tatu za baada yake duka lilifungwa kwa uamuzi wake yeye. Kijana alikuwa tayari, na aliyeajiriwa kwa muda huthubutu ujira wake akijitoa kwa mwajiri na muda ukapita, hata kama hakupewa la kufanya. Kama ingekuwa kijana ndiye aliyekataa kuja na hali duka liko wazi, tungesema jengine. Kusema kwamba hakuuza kitu si hoja, kwa sababu hasara na faida ya duka ni ya mwenye duka. Mwezi wa Ramadhani akiuza mara tatu, je, humuongezea kijana mara tatu?

Nashukuru kwamba alilipa. Alinijibu kwa kicheko, "Wabeja, Sheikh," kwa Kisukuma, maana yake ahsante.

Kwa kijana wa marobota mambo ni matatu, na lazima tuyatenganishe.

La kwanza ni yale masaa manne aliyofanya kazi. Hayo ni haki yake bila ya shaka yoyote. Kuyachukua bure ni dhulma, na anayeyashikilia amebeba deni shingoni. Kwa sheria ya bara, kwa kuwa ilikuwa siku ya mapumziko, yalipaswa kulipwa maradufu.

La pili ni muda aliokuwa njiani na kituoni. Huyu si mwenye mshahara wa mwezi, ni wa kutwa. Sikuona ushahidi kwamba kiwandani kwao kulikuwa na sharti au ada ya kumlipa kibarua muda wa kura. Basi muda huo siwezi kumwambia kwamba anaudai kwa hukumu. Naweza kumwambia mwajiri kwamba ingekuwa ihsani kumlipa, na ihsani ina malipo yake.

La tatu ni muda wa kutoka saa 8 mpaka jioni. Aliondoka kwa ruhusa, na ruhusa hiyo ina maana kwamba kazi yake ilikuwa bado ipo. Msimamizi alimtaka awahi, yeye akachelewa kwa sababu ya chaini iliyokatika. Kama nafasi yake ilishajazwa na mtu mwengine kwa haja ya kazi, hapo hapana dhulma. Ama kama alikatwa ili iwe ni adabu kwa kwenda kupiga kura, hiyo ni dhulma, na ni kumuadhibu mtu kwa kutumia haki yake.

Tulikwenda naye, mimi na bwana harusi wetu. Mtunza fedha hakubisha, alifungua daftari akamhesabia shilingi elfu nne. Maradufu hatukuipata. Kijana akasema inatosha, hakutaka kwenda kwenye Tume. Nilipompigia simu baada ya wiki mbili akaniambia kwamba tangu siku ile hajaitwa tena kiwandani. Ujira wake ameupata na kazi ameikosa. Nami nimebaki nikijiuliza kama nilimsaidia au nilimuongezea taabu.

Hili ndilo linalowanyamazisha vibarua. Wanazijua haki zao zaidi kuliko tunavyodhani, lakini wanapiga hesabu: shilingi elfu nne za leo, au nafasi ya kazi ya mwezi mzima ujao. Mtu ambaye jina lake huandikwa upya kila asubuhi anaweza kufukuzwa bila ya kufukuzwa. Inatosha asiandikwe.

Wenzetu wamefanya nini

Tatizo hili si la Simiyu peke yake, na nchi nyengine zimelitafutia dawa. Kenya, ambayo katiba yake inaweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, iliitangaza tarehe 9 Agosti 2022 kuwa siku ya mapumziko, njia kama yetu. Kanada haifungi nchi. Sheria yao ya uchaguzi inamtaka mwajiri ahakikishe kila mpiga kura ana masaa matatu mfululizo wakati vituo viko wazi, bila ya kukatwa ujira. Mwajiri ndiye anayechagua ni masaa gani, ili kazi isivurugike.

Lililonivutia zaidi ni la India, nchi yenye vibarua wa pamba wengi kuliko sisi. Sheria yao ya uwakilishi wa wananchi ya mwaka 1951 iliongezewa kifungu cha 135B, kinachotoa mapumziko yenye malipo kwa kila mpiga kura aliyeajiriwa katika biashara au kiwanda. Kisha kikaongeza jambo ambalo kwetu halisemwi: ikiwa mtu ameajiriwa kwa namna ambayo kwa kawaida siku ya mapumziko halipwi, basi siku ya kura atalipwa ujira ule ule ambao angeupata kama angefanya kazi. Kimeachwa nje tu yule ambaye kukosekana kwake kunaweza kuleta hatari au hasara kubwa kazini. Maneno machache, lakini yanamfuata kibarua mpaka getini. Wabunge wetu wanaotaka kulifanyia kazi jambo hili wana mfano wa kuutazama, nasi wapiga kura wao tuna la kuwauliza.

Na sisi visiwani

Sasa turudi nyumbani. Kwetu kazi si jambo la Muungano. Tuna Sheria yetu ya Ajira Na. 11 ya 2005, na vifungu vya bara nilivyovitaja havitumiki hapa. Mwenye mgogoro wa kazi Unguja au Pemba aende kwa maafisa kazi wetu. Katika uchaguzi, sheria yetu ya mwaka 2018 imeweka kura ya mapema kwa watendaji wa uchaguzi na askari watakaokuwa kazini. Lakini muuguzi wa zamu ya mchana, mpishi wa hoteli, baharia wa boti na mlinzi wa usiku wanategemea busara ya mkubwa wao wa kazi.

Na nani mkubwa wao? Mara nyingi ni sisi. Ni mimi na wewe tunaoisoma makala hii. Tuna vijana madukani, mafundi wa kutwa kwenye viwanja vya nyumba, na mabinti wanaotusaidia kazi majumbani, ambao baadhi yao wametoka bara, wakiwamo wa mikoa ya kanda ya ziwa. Tumezoea kuhesabu dhulma za viwanda vikubwa. Binti anayeamka alfajiri kuwapikia chai watoto wetu, siku ya kura yuko wapi?

Nitasema mambo machache ya kutenda.

Kwanza, siku ya mapumziko ya nchi ni mapumziko ya binti wa nyumbani pia. Ikiwa huna budi kumuweka kazini, mpe siku nyengine au muongezee ujira, na mkubaliane kabla, si baada.

Pili, mtu hupigia kura pale alipojiandikisha. Binti aliyejiandikisha Bariadi hana faida na ruhusa ya masaa mawili. Kutoka Unguja mpaka kwao ni boti, kisha basi la zaidi ya kilomita elfu moja. Kwa hiyo msaada wake wa kweli unakuja mapema, wakati wa uboreshaji wa daftari. Uboreshaji uliopita wa daftari la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ulianzia Kigoma mwezi wa Julai 2024, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kura. Wakati huo ndio wa kumpa nafasi aende akaulize kama anaweza kuhamisha taarifa zake. Akinyimwa siku ile, siku ya kura amekwisha kuchelewa.

Tatu, kitambulisho chake kiwe mkononi mwake. Kumshikia mtu kitambulisho chake kwa kisingizio cha kukihifadhi si amana ikiwa yeye mwenyewe hakukuomba.

Nne, usimuulize amempigia nani, wala usimwambie ampigie nani. Umenunua kazi ya mikono yake. Ushahidi wake hukuununua, wala hauuzwi. Na akisema hataki kupiga kura, mapumziko ni yake vile vile, kwa kuwa ujira wake haukuwekewa sharti la kupiga kura.

Tano, kwa mwenye hoteli, zahanati au boti, wagawe watu wako kwa zamu, nusu watoke asubuhi na nusu mchana. Andika mapema ubandike ukutani, ili mdogo asilazimike kuja kuomba kwa unyenyekevu kitu ambacho ni haki yake.

Na kwa mfanyakazi nina neno pia. Ruhusa ni amana. Aliyeomba masaa mawili ya kura akaenda kulala au kutembea amemdanganya mwajiri wake, na muda ule hana ujira wake kwa halali. Ukichelewa kwa udhuru, piga simu. Ukiwa wa kutwa, kubaliana na msimamizi mbele ya mwenzako kabla ya kuondoka: nikirudi, nafasi yangu ipo au haipo? Ya kijana wetu ingekuwa nyepesi zaidi kama neno hilo lingesemwa.

Uchaguzi mkuu mwengine, Mungu akitujaalia uhai, ni mwaka 2030. Ni muda mrefu wa kutunga sheria, na ni muda mrefu zaidi wa kusahau. Mwenye deni la ujira wa tarehe 29 Oktoba asiingoje sheria wala 2030. Amtafute mtu wake amlipe, kwa kuwa hapa duniani deni hilo ni shilingi elfu nne, na kesho mbele ya Mwenyezi Mungu halitalipwa kwa shilingi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaotimiza haki za watu kabla ya kudaiwa. Wabillahi tawfiq.